Chungu cha Nyumbani: Somo juu ya Kupanga Chakula cha Juma



Katika Katekisimo Ndogo, ambayo Martin Luther aliitoa mwaka 1529, twajifunza maana ya ombi la nne la Sala ya Bwana. Luther hakuuacha mkate wa kila siku uwe mkate tu. Aliingiza humo yote yautunzayo mwili, hata amani ya nyumba na ujirani mwema. Basi mwezi huu na tutazame njia ambayo mkate huo hupita kabla ya kufika kinywani: fedha itokayo mkononi kwenda sokoni, na sokoni kwenda chunguni. Maana wengi huomba ombi hili kwa moyo asubuhi, na jioni meza yao ina ugomvi.

Wasomaji wetu wa Kigamboni, tangu Tungi na Vijibweni mpaka Kibada na Mjimwema, waujua uchungu huu. Mapato huja, lakini mwezi haujafika nusu, na jina la nyumba limekwisha andikwa katika daftari la deni la dukani. Mtoto hana fedha ya daftari la shule. Mume amlaumu mke kwamba hajui kutunza. Mke amlaumu mume kwamba haachi fedha ya kutosha. Mwalimu wa usharika aitwapo kupatanisha, akichunguza kwa upole, mara nyingi ataona kwamba ugomvi ulianza katika robo ya sukari.

I. Fedha hupotea wapi?

Iko desturi katika nyumba nyingi za mjini: mume atokapo asubuhi huacha mezani fedha ya matumizi ya siku ile moja. Yeye aona ametimiza wajibu wake. Lakini tazameni matokeo yake. Mwenye fedha ya siku moja hawezi kununua ila ya siku moja: unga wa kupima, mafuta ya kupima, mkaa wa kopo, nyanya za fungu. Na kitu kinunuliwacho kidogo kidogo huwa na bei kubwa kuliko kinunuliwacho kwa wingi.

Chukueni mfano huu wa hesabu. Tuseme kilo moja ya kitu yauzwa shilingi 2,000, na robo yake yauzwa shilingi 600. Anunuaye robo kila siku, katika siku 4 amepata kilo moja, naye amelipa shilingi 2,400. Katika siku 28 amepata kilo 7. Amelipa shilingi 16,800, hali jirani yake aliyenunua kwa kilo amelipa 14,000. Shilingi 2,800 zimekwenda, wala hakula hata tonge moja zaidi. Hicho ni kitu kimoja tu. Hesabuni na mafuta, na sukari, na mchele, na mkaa, mtaona fedha ya daftari la mtoto ilikokwenda.

Tusimhukumu mwenye duka. Yeye naye hununua mifuko, hupoteza unga kidogo kila apimapo, na hungoja wadeni wake. Wala tusimhukumu mama wa nyumba, maana hakupewa nafasi ya kutenda vingine. Chanzo cha hasara hii ni fedha itolewayo kwa vipande. Kwa hiyo dawa yake haianzi jikoni. Huanza kati ya mume na mke.

II. Siku ya shauri

Nashauri kila nyumba iwe na siku moja ya shauri katika juma. Jumamosi jioni yafaa. Mume na mke wakae pamoja na daftari moja. Wasali kwanza, kisha waandike mambo matatu: vitu vilivyobaki nyumbani, fedha iliyopo, na mambo yanayongoja fedha hiyo, yaani sadaka, kodi ya nyumba, nauli, shule, deni na chakula. Mume asifiche mapato yake. Mke asifiche deni la dukani. Siri mbili katika nyumba moja ni matundu mawili katika mtungi mmoja.

Wengine watasema, "Mimi si mtu wa mshahara, nitapangaje?" Mvuvi, kibarua na mwendesha bodaboda hupata leo na kukosa kesho. Hao wafaa kuanza na kitu kimoja tu. Kila siku yenye mapato, fungu dogo litiwe katika kibubu kabla ya matumizi mengine. Litakapotosha, linunuliwe debe la mahindi. Nyumba yenye mahindi imekwisha toka katika bei ya robo kwa kitu kikubwa kuliko vyote. Baada ya hapo waweke fungu la maharage, kisha la mafuta. Haifai kutaka kununua vyote siku moja kwa mkopo, maana riba yaweza kula faida yote.

III. Orodha ya juma

Baada ya kuhesabu, iandikwe orodha ya vyakula vya siku saba. Hii ni mfano tu, kila nyumba iugeuze kwa kadiri yake:

Jumapili: wali na samaki wa mchuzi, na mchicha.
Jumatatu: ugali wa dona, maharage na matembele.
Jumanne: makande ya mahindi, pamoja na maharage yaliyochemshwa jana.
Jumatano: ugali, dagaa na bamia.
Alhamisi: mihogo ya nazi na samaki mdogo.
Ijumaa: ugali, kisamvu na kunde.
Jumamosi: wali kidogo, mbaazi na mboga ya majani.

Angalieni jinsi Jumatatu inavyoisaidia Jumanne. Maharage huchemshwa mara moja, nayo huliwa siku mbili. Sehemu ya kesho itolewe kabla ya kutia nazi, maana mboga ya nazi huchacha upesi katika joto la pwani. Asiye na jokofu aichemshe tena jioni na asubuhi.

Tena angalieni kwamba kila siku nafaka ina mwenzake. Mahindi peke yake hayaujengi mwili vizuri. Yapungukiwa na kitu ambacho maharage, kunde na mbaazi vinacho, na hizo nazo hupata kwa mahindi kile zisichonacho. Mwenye ugali na maharage hali chakula cha unyonge. Na dona, ambayo kiini cha mahindi hakikutolewa, ina nguvu kuliko sembe nyeupe. Lakini kwa sababu ya mafuta ya kiini hicho, dona haikai muda mrefu bila kuharibika. Kwa hiyo hifadhini mahindi makavu, mkasage ya majuma mawili tu kwa mara moja.

IV. Kununua kwa akili

Tangu Daraja la Nyerere lilipofunguliwa Aprili 2016, watu wa Kigamboni wana njia ya barabara kwenda Kurasini na masoko ya Temeke, pamoja na ile ya pantoni iendayo Magogoni, karibu na soko la samaki la Feri. Bei za masoko makubwa zaweza kuwa nafuu, walakini nauli ni sehemu ya bei. Mtu avukaye maji kununua fungu la nyanya amelinunua mara mbili. Lakini akina mama watano wakichanga fedha, wakamtuma mmoja anunue gunia la viazi au ndoo ya dagaa, kisha wakagawana kwa mizani mbele ya wote, nauli ni moja na bei ni ya jumla. Huko Feri samaki huuzwa kwa mnada, na mnada humfaa anunuaye kwa wingi. Vikundi vya akina mama katika mitaa yetu vyaweza kufanya hivi, mradi hesabu iandikwe na kusomwa siku ile ile.

Yajueni na majira. Nyanya zikipanda bei, ukwaju, ndimu au embe bichi huutia mchuzi ukali wake. Mwezi wa Ramadhani ukaribiapo, nazi, mihogo, viazi vitamu na ndizi hupanda bei hapa pwani, maana wahitaji ni wengi. Mwenye orodha hupanga mapema. Udongo wetu wa mchanga haukatai mboga ukitiwa samadi. Matembele hukatwa yakachipua tena, na mchicha huliwa baada ya majuma machache, hata ukipandwa katika magunia mlangoni. Maji yaliyooshea mchele yamwagwe hapo.

Neno moja la kuonya. Mahindi au karanga zenye ukungu, hata zikiuzwa kwa bei ya kutupa, zisinunuliwe. Humo huweza kuwamo sumu iitwayo sumukuvu, nayo haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara walikufa kwa sumu hiyo. Urahisi wa namna hii ni ghali kuliko vyote.

V. Kupika bila kupoteza

Kwanza, maharage na yalowekwe usiku kucha, na maji yale yamwagwe. Yataiva upesi, na mkaa utapungua.

Pili, liko kapu la kupikia. Chukueni kapu kubwa, mlijaze nguo kuukuu au majani makavu, mkiacha nafasi ya sufuria katikati. Maharage yachemke kwa nguvu muda wa nusu saa, kisha sufuria iliyofunikwa vema iwekwe kapuni na kufunikwa kwa mto au blanketi. Yataendelea kuiva kwa joto lake yenyewe. Kabla ya kula yachemshwe tena. Lakini yasipochemka vema kwanza yaweza kuumiza tumbo.

Tatu, nazi moja ina matui zaidi ya moja. Tui jepesi lipikie, tui zito litiwe mwishoni. Machicha wapewe kuku.

Nne, pimeni. Mchele upimwe kwa kikombe kimoja siku zote, kwa hesabu ya walaji. Wali uliolala katika joto waweza kudhuru, hata ukipashwa moto. Kiporo cha wali kisiwe desturi, bali kiasi kiwe desturi.

Tano, kisamvu kitwangwe na kuchemshwa sana, na mhogo mchungu usiliwe bila kumenywa, kulowekwa na kukaushwa kama wazee walivyofundisha. Haraka katika mambo haya si uwekevu.

VI. Uwekevu na uchoyo

Wengine huuliza: Je, Bwana wetu hakutuambia tusisumbuke juu ya chakula? Ndiyo, katika Mathayo 6. Lakini Bwana huyo huyo, alipokwisha kuwalisha maelfu, aliwaamuru wanafunzi wakusanye mabaki, wakajaza vikapu kumi na viwili. Twasoma katika Yohana 6. Yeye awezaye kuufanya mkate uongezeke hakuruhusu utupwe. Kusumbuka ni kumsahau Baba. Kupanga ni kukitunza alichotupa.

Tumtazame na Katharina von Bora, aliyeolewa na Luther mwaka 1525. Walikaa Wittenberg katika nyumba iliyokuwa ya watawa, wakiwa na watoto, wanafunzi, jamaa na wageni wengi. Luther alikuwa mtu wa kutoa, wala fedha haikukaa mkononi mwake. Katharina alilima bustani, akafuga nguruwe na ng'ombe, akatunza bwawa la samaki, akapika pombe ya nyumbani kama ilivyokuwa desturi ya nchi ile, na akasimamia shamba la Zülsdorf walilolipata mwaka 1540. Kwa mikono yake meza ile ilipata cha kuwapa wageni. Ukarimu wa mume ulisimama juu ya hesabu ya mke.

Hiki ndicho kipimo cha kuutenga uwekevu na uchoyo: akiba imekwenda wapi? Ikiwa mama mjamzito alala na njaa, au mtoto mdogo apewa mchuzi mtupu huku baba akila kipande kikubwa cha samaki, huo si uwekevu hata bei ikishuka. Dagaa, yai na maharage ya mtoto visipunguzwe. Vianze kupunguzwa soda, vitumbua vya njiani na vocha za simu za maongezi ya bure. Na katika akiba, fungu moja liwe la jirani: mjane, mgonjwa, au nyumba ambayo chombo chao hakikurudi na samaki. Torati iliwaamuru Waisraeli wasivune mpaka pembe za shamba, ili maskini na mgeni wapate. Pembe ya shamba letu sisi watu wa mjini ni kibaba kimoja katika debe.

Maulizo ya kuzungumza katika mikutano ya mitaa

1. Katika nyumba yetu, ni kitu gani tukinunuacho kidogo kidogo kila siku? Kwa mwezi twalipa kiasi gani, na kwa jumla kingekuwa kiasi gani?
2. Mume na mke, je, kila mmoja ajua mapato na madeni ya mwenzake?
3. Ni nani katika meza yetu apataye haba, na kwa nini?
4. Ni akina mama wangapi wa mtaa huu wawezao kununua pamoja mwezi ujao, na nani ataandika hesabu?
5. Fungu la jirani litatoka katika kitu gani?

Walimu, msiyasome maulizo haya na kuyaacha. Shikeni moja, mkalitende kwa mwezi mmoja, kisha mwulizane tena. Bwana aliyeibariki mikate mitano aibariki na debe la nyumba zenu. Amin.