Mkahawa na Mti Hai: Fasiri Nyingine ya "Penye Miti Hapana Wajenzi"

Utangulizi

Methali "Penye miti hapana wajenzi" aghalabu hufasiriwa kuwa palipo na nyenzo huwa hapana watu wenye ujuzi au ari ya kuzitumia. Chini ya maana hiyo mna dhana nyingine isiyotajwa: kwamba mti ni malighafi, na kwamba mjenzi huuhitaji ukishakatwa tu. Makala haya yanachunguza mikahawa iliyosanifiwa kuuzunguka mti ulio hai na kudai kwamba mikahawa hiyo inaipinga dhana hiyo. Mifano miwili inatumika: Thorn Tree jijini Nairobi na Kusukusu mjini Atami, nchini Japani.

Mkahawa katika Ngeli ya Miti

Kabla ya kuiangalia mifano hiyo, yafaa neno lenyewe lichunguzwe. Nomino "kahawa", yenye asili ya Kiarabu, imepachikwa kiambishi m- na kuingizwa katika ngeli ya U-I, ambamo miti mingi hupatikana. Kwa utaratibu uo huo, tunda la embe hutupa mwembe, na chungwa hutupa mchungwa. Kimaumbo, basi, mkahawa ungetarajiwa kuwa mti uzaao kahawa. Hata hivyo, jina lililozoeleka la mti huo ni mbuni, ilhali mkahawa kwa wasemaji wengi ni mahali pa kunywea na kulia. Sarufi imelipa jengo umbo la jina la mti.

Mti Uliopandwa

Thorn Tree umo katika hoteli ya Stanley, ambayo leo huitwa Sarova Stanley, kwenye Mtaa wa Kimathi. Mkahawa huo ulipata jina lake kutokana na mgunga uliosimama katikati ya meza. Kabla ya enzi ya simu za mkononi, wasafiri waliopitia Nairobi walibandika vijibarua kwenye shina la mgunga huo ili wenzao waliofuata wavisome. Baadaye desturi hiyo ilihamia kwenye ubao wa matangazo. Kwa mintarafu hii, mti ulitekeleza kazi ya baraza: watu waliagizana na kutafutana kupitia kwake.

Mgunga uliopo leo ni wa tatu, nao ulipandwa mwaka wa 1998. Jambo hili lina funzo. Pengo la mti uliotangulia halikuzibwa kwa saruji, kwani bila mgunga jina la mkahawa lingebaki maneno matupu.

Mti Uliokutwa

Katika Atami hali ni tofauti. Mkahawa wa Kusukusu, uliosanifiwa na Hiroshi Nakamura na kukamilika mwaka wa 2014, umejengwa chini ya mkafuri wenye umri wa zaidi ya miaka 300. Mti huu haukupandwa kwa ajili ya wateja, ulikutwa pale. Ukifa, hakuna mche utakaoshika nafasi yake katika maisha ya binadamu mmoja. Kwa sababu hiyo, msanifu alitumia fremu ya vyuma vyembamba inayopita katikati ya matawi bila kuyaegemea, na misingi ikaikwepa mizizi. Uamuzi huo una mantiki. Shina huendelea kunenepa, na matawi huyumba upepo uvumapo. Jengo linaloubana mti huujeruhi, na mti nao, ukizidi kukua, hulipasua jengo.

Hitimisho

Mifano hii inaonyesha kwamba mti uliopandwa unaweza kurithiwa na mwingine, ilhali mti mkongwe hauna badala. Tofauti hiyo ilidhihirika jijini Nairobi mwezi wa Novemba 2020. Mugumo wa miaka mingi kando ya Waiyaki Way, uliokuwa ung'olewe kupisha ujenzi wa barabara ya Nairobi Expressway, uliokolewa kwa amri ya Rais baada ya wanamazingira kupaza sauti. Amri ile iliokoa mti mmoja, tena ujenzi ukiwa umekwisha kuanza. Laiti miti ingetiwa katika ramani tangu mwanzo, amri isingehitajika.

Wanafunzi wa fasihi wanapoifasiri methali iliyotajwa, basi, wana haki ya kuuliza ni mjenzi yupi asiyeonekana penye miti. Wa kukata hawajaadimika. Aliyeadimika ni yule anayeanza kazi yake kwa kupima kivuli na kutafuta mizizi inakopita, kisha ndipo achore ukuta.