MANENO MATATU YALIYOZUA KESI
(Funzo kuhusu kitabu kinapogeuzwa kuwa sinema)

Ndugu msomaji, wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nilidhani methali hiyo ni ya wenye maduka. Kumbe hata hadithi ni mali.

Mwaka jana chama chetu kiliigiza hadithi ya mwenzetu mmoja wa kidato cha pili. Tulipomwomba ruhusa alijibu, "Sawa tu." Basi tukaenda zetu. Tukabadilisha mwisho, mhusika aliyeishi tukamuua, tukatoza kiingilio, na pesa zikaingia katika kisanduku cha chama. Siku ya mchezo alisimama katikati ya ukumbi akatoka. Baadaye aliniambia, "Mimi nilidhani mtaisoma tu!" Nilikuwa katibu, na sikuwa na karatasi hata moja ya kumwonyesha. Tangu siku hiyo hajakanyaga chamani.

Jambo hilo lilinikera hadi nikaanza kusoma jinsi wakubwa wanavyopatana. Niligundua kwamba hata wao hukosana, tena wakiwa na mawakili. Mfano nitakaoutoa ni wa vitabu vya J. R. R. Tolkien wa Uingereza.

MWENYE KITABU

Tolkien alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Oxford. Mwaka 1937 alitoa kitabu cha watoto, The Hobbit. Kati ya 1954 na 1955 akatoa The Lord of the Rings katika juzuu tatu. Ni hadithi ya ulimwengu wa kubuni wenye wachawi, majitu na pete yenye nguvu za uovu. Mwaka 1969 aliiuzia kampuni ya Marekani, United Artists, haki ya kuvitengenezea sinema vitabu hivyo. Alifariki mwaka 1973 bila kuona sinema ya kampuni hiyo.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Aliyeuza haki ya sinema hakuuza kitabu. Ni kama mwenye shamba anayemruhusu jirani achume maembe: shamba bado ni lake, na minazi pia. Hati ndiyo husema jirani amepewa nini.

Haki hiyo ikaanza kusafiri. Mwaka 1976 ilimfikia Saul Zaentz, mtengenezaji sinema wa Marekani. Mwishowe kampuni ya New Line ikatoa sinema tatu, mwaka 2001, 2002 na 2003, chini ya mwongozaji Peter Jackson wa New Zealand. Sinema hizo ziliingiza takriban dola bilioni 3 za Marekani. Jamani, penye asali hapakosi nyuki! Kesi zikaanza. Mikataba yenyewe ilikuwa ya Kiingereza. Maneno nitakayoyaeleza ni kwa Kiswahili chetu.

NENO LA KWANZA: GHAFI

Mapato ghafi ni pesa zote zilizoingia kabla ya kutoa chochote. Mapato halisi ni zile zinazobaki baada ya kutoa gharama. Tuseme mama muuza mandazi amepata shilingi 1,000, na unga, mafuta na sukari vilimgharimu shilingi 700. Ukiahidiwa asilimia 10 ya mapato ghafi, utapata shilingi 100. Ukiahidiwa asilimia 10 ya mapato halisi, utapata shilingi 30. Na akisema kuni zilipanda bei hata hakubakiwa na kitu, wewe utarudi nyumbani mikono mitupu. Ndiyo maana mwenye kalamu ya gharama ndiye mwenye nguvu.

Mwaka 2004 Zaentz aliishtaki New Line. Alidai kwamba fungu lake lilihesabiwa kwa mapato halisi ilhali alistahili ghafi, na kwamba alipunjwa kiasi cha dola milioni 20. Walipatana mwaka 2005. Mwaka huohuo Peter Jackson naye akaenda kortini kuhusu hesabu za sinema ya kwanza. Walipatana mwaka 2007.

Mwaka 2008 ikawa zamu ya warithi wa Tolkien. Walisema kwamba mkataba wa 1969 uliwapa asilimia 7.5 ya mapato ghafi, sinema zikishavuka kiwango fulani, nao hawakuwa wameonja hata senti ya fungu hilo. Walidai zaidi ya dola milioni 150. Pia waliomba korti iwaruhusu kuifuta haki ya kutengeneza sinema za The Hobbit. Walipatana mwaka 2009, na sinema hizo zikatoka kuanzia 2012.

NENO LA PILI: KUSHIKIKA

Mikataba hiyo iliruhusu pia kuuza bidhaa zenye picha na majina ya wahusika, mathali nguo, vyombo vya mezani na vinyago. Ilisema ziwe bidhaa za kushikika. Mwaka 1969 nani angeuliza maana yake? Kikombe kinashikika, shati linashikika.

Miaka ikapita, kompyuta na simu zikaenea. Wahusika wa Tolkien wakaanza kuonekana katika michezo ya kupakuliwa na hata katika mashine za kamari za mtandaoni. Mwaka 2012 warithi wakashtaki wakidai dola milioni 80. Hoja yao ilikuwa nyepesi: mchezo wa intaneti haushikiki. Zaidi ya hayo, waliona kamari inalichafua jina la mzee wao. Kampuni ya Warner Bros., iliyokuwa imekwisha kuimeza New Line, ikashtaki nayo mwaka 2013. Walipatana mwaka 2017.

Unaona, msomaji? Neno moja ambalo mwanafunzi wa darasa la nne analielewa liliwagombanisha watu wazima karibu miaka mitano!

NENO LA TATU: VINANE

Mkataba wa kale ulihusu sinema. Mfululizo wa televisheni wenye zaidi ya vipindi vinane ulibaki mikononi mwa familia. Zamani pengine hilo lilionekana kama makombo. Lakini mwaka 2017 familia iliiuzia Amazon haki hiyo, na mfululizo ukaanza kuonyeshwa Septemba 2022. Aliyehifadhi makombo akapata mkate mzima. Hapo ndipo nilipojua kwamba lile usilotoa lina thamani sawa na lile unalotoa.

TUNAJIFUNZA NINI?

Hapa kwetu Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 humlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kutafsiri kazi yake au kuigeuza iwe mchezo kunahitaji idhini yake. Wengine watasema, ati sisi ni wanafunzi, pesa zenyewe ni za soda. Mimi sikubali. Mwenzetu hakuondoka kwa ajili ya soda. Aliondoka kwa sababu tulimuua mhusika wake bila kumwuliza.

Kwa hivyo nimependekeza karatasi moja yenye mambo manne: hadithi itatumiwa kwa njia gani, mara ngapi, nani ana ruhusa ya kuibadilisha, na pesa zikipatikana zitagawanywaje, za ghafi au halisi. Pande zote mbili zitie sahihi. Nakala ya kwanza nimempelekea mwenzetu huyo pamoja na barua ya kuomba radhi na hesabu ya kiingilio cha siku ile. Bado hajanijibu. Lakini ameichukua karatasi, hakuirudisha.

Kwa hayo machache natia nanga.

ZOEZI
1. Eleza tofauti kati ya mapato ghafi na mapato halisi kwa kutumia mfano wako mwenyewe.
2. Je, wimbo uliohifadhiwa katika simu ni kitu cha kushikika? Jadilianeni.
3. Andika mkataba wa aya moja kati ya mwandishi wa hadithi na chama kinachotaka kuiigiza.