Kungoja Kazi Si Kukaa Bure

Katika nyumba nyingi za parishi yetu yupo kijana anayengoja kuajiriwa. Mmoja angoja kazi ya udereva wa basi katika shirika la umma, mwingine angoja nafasi katika reli, na mwingine anayo leseni mfukoni wala hajui aanzie wapi. Asubuhi watu waendapo shambani na kazini yeye huwasikia wakipita. Jioni warudipo humkuta pale pale. Mwezi huu yafaa tujifunze juu ya kungoja huku: maana yake, taratibu zake, hatari zake, na wajibu wetu sisi tulio karibu na huyo angojaye.

Kosa letu wenyewe

Hatuna budi kuanza kwa kuungama. Yupo kijana mmoja, jirani yetu, ambaye mama yake tulimfundisha zamani katika chuo cha ualimu. Kijana huyu alimaliza kidato cha nne, akasomea udereva, akapata leseni. Kisha akaanza kushika usukani wa mabasi madogo siku ambazo dereva mwenyewe amepumzika, kazi ambayo vijana huiita deiwaka. Baadaye akaomba nafasi katika shirika moja la umma. Akaitwa kwenye usaili, akafaulu, lakini waliofaulu walikuwa wengi kuliko nafasi. Akaambiwa jina lake limehifadhiwa.

Basi kila Jumapili baada ya ibada tulimsalimu kwa swali lile lile: "Vipi mwanangu, bado hawajakuita?" Tulidhani twamtia moyo. Mwezi wa tatu hatukumwona tena kanisani. Tulipomwuliza mama yake, alijibu kwa upole, "Mwalimu, hakukukasirikia. Amechoka kujibu."

Tulirudi nyumbani tukiwa tumenyamaza. Tukatambua kwamba sisi wa rika letu hatukujua kungoja kwa namna hii. Tulipomaliza chuo tulipangiwa kituo cha kazi, tukapewa barua, tukafunga mizigo. Ukaidi wa gari bovu na barabara ya matope tuliujua, lakini kukaa mwaka baada ya mwaka bila kujua kama utaitwa, hilo hatukulijua. Ndiyo maana twauliza maswali yenye kuumiza.

Watu wa saa kumi na moja

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 20, twasoma habari za mwenye shamba la mizabibu aliyetoka kutafuta wafanya kazi. Alitoka alfajiri, kisha saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho saa kumi na moja. Sisi wasomaji wa Kiswahili twaelewa mara moja, kwa kuwa twahesabu saa kama wao: saa kumi na moja jua linakaribia kutua.

Aghalabu mafundisho ya mfano huu huwa juu ya ule ujira uliotolewa sawasawa. Leo tuwatazame wale wa mwisho kabla hawajalipwa. Mwenye shamba aliwauliza sababu ya kusimama mchana kutwa bila kazi. Hawakujitetea kwa maneno mengi. Walimwambia tu kwamba hakuna aliyewaajiri. Yeye naye hakuwaita wavivu, bali aliwapeleka shambani.

Tukumbuke tena kwamba watu hao walikuwa bado wapo sokoni. Saa tatu walipitwa, saa sita wakapitwa, hata saa tisa hawakuchukuliwa, wala hawakwenda zao. Mvivu angalirudi nyumbani mapema. Kwa hiyo kungoja kunaweza kuwa dalili ya uaminifu.

Kazi hii yenyewe hudai miaka

Jambo la pili ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba udereva wa abiria ni ngazi, wala hapandi mtu kwa kuruka. Katika nchi yetu ya Tanzania, leseni ya kuendesha gari la abiria 30 au zaidi ni ya daraja C. Hapewi mtu daraja hilo mpaka awe ameendesha kwa miaka isiyopungua 3 akiwa na daraja C1, ambalo ni la mabasi madogo, au daraja E, ambalo ni la malori.

Tena, matangazo ya Serikali kwa kazi ya Dereva Daraja la II hutaka cheti cha kidato cha nne na mafunzo ya msingi ya udereva kutoka VETA au chuo kingine kinachotambuliwa. Hutaka pia leseni ya daraja E au C ambayo mwombaji ameifanyia kazi muda usiopungua mwaka 1 bila kusababisha ajali. Tuyaangalie maneno hayo ya mwisho. Hayamwulizi kijana anamjua nani, bali jinsi alivyoendesha wakati hakuna bosi aliyemtazama.

Basi yule kijana wa deiwaka, anapokataa kukimbiza gari ili kuwahi abiria wa kituo kinachofuata, huo ndio usaili wake. Miaka yake ya kungoja yahesabiwa katika kazi anayoingoja.

Taratibu za kuzingatia

Nafasi nyingi za taasisi za umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi hupelekwa kwa mtandao. Mambo yafuatayo huwaangusha vijana wengi:

1. Majina. Jina la cheti cha kuzaliwa, cha shule na cha kitambulisho cha taifa yafaa yawe moja. Mtu aitwaye John katika cheti kimoja na Yohana katika kingine hupata taabu mlangoni pa usaili. Aende kwa mwanasheria mapema atengeneze hati ya kisheria ya majina, asingoje siku ya kuitwa.

2. Vyeti kamili. Hati ya matokeo ya muda haipokelewi mahali pa cheti chenyewe. Aliyepoteza cheti aanze kukifuatilia sasa.

3. Leseni hai. Leseni ya udereva hudumu miaka 5. Yapo masikitiko ya kijana aliyengoja sana, na siku alipoitwa leseni yake ilikuwa imekwisha muda.

4. Kusoma matangazo mwenyewe. Orodha za walioitwa huwekwa katika tovuti ya Sekretarieti. Asitegemee habari za kijiweni.

5. Kufaulu bila kupangiwa. Waliofaulu usaili nafasi zikajaa huwekwa katika kumbukumbu iitwayo kanzidata, na nafasi ikitokea waweza kupangiwa humo. Kwa hiyo aliyeambiwa angoje hakudanganywa. Lakini asiache kuomba nafasi nyingine kwa sababu hiyo.

Mlango wa pembeni

Kila usafiri mpya uanzapo, matumaini huongezeka. Ilikuwa hivyo mabasi yaendayo haraka yalipoanza Dar es Salaam mwezi Mei 2016. Ikawa hivyo tena treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Matumaini yakiongezeka, wadanganyifu nao huamka.

Yule kijana wetu alipigiwa simu na mtu aliyejiita afisa. Alimtajia jina lake kamili na siku aliyofanya usaili. Akasema jina li karibu kutoka, lahitaji kusukumwa kidogo tu, kwa shilingi 600,000. Mama yake, kwa uchungu wa mzazi, alikwenda kukopa katika kikundi chao cha kuweka na kukopa. Akaja kwetu jioni na karatasi, tumdhamini.

Wasomaji, tulikwisha kuishika kalamu. Tulijisemea kwamba kila mtu hufanya hivyo, na kwamba huruma ni bora kuliko ukali. Ndipo kijana mwenyewe akabisha hodi. Alisema, "Shikamoo Mwalimu. Naomba usisaini. Kama mtu huyu ni mwongo, mama atalipa deni la bure. Na kama ni mkweli, basi nitakaa kwenye kiti cha mtu mwingine aliyefaulu kunizidi. Nitawezaje kuendesha abiria hivyo?"

Tuliweka kalamu chini. Mama yake alilia kidogo, kisha akaichana karatasi. Juma lililofuata simu ya yule afisa haikupatikana tena. Lakini hata kama ingalipatikana, kijana alikuwa amesema kweli. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 humtia hatiani atoaye na apokeaye pia. Maombi katika Sekretarieti ya Ajira hayana malipo. Yeyote aombaye fedha, habari zake zipelekwe TAKUKURU, ambao simu yao ya bure ni 113.

Tumefundisha walimu kwa miaka mingi, lakini jioni ile tulifundishwa sisi.

Yatupasayo sisi tulio karibu

Kwanza, tubadilishe salamu. Badala ya kuuliza kama ameitwa, tuulize leo ameendesha wapi, au gari lilikuwaje. Swali hilo lamwona kuwa mtu mwenye kazi, naye ana kitu cha kujibu.

Pili, tusitumie kungoja kwake kwa faida yetu. Mara nyingi kwaya iendapo mkutanoni, au msiba utokeapo, twasema, "Aitwe fulani atuendeshee, yeye hana shughuli." Kisha twamshukuru kwa makofi. Mtenda kazi astahili ujira wake, hata kama ni mtoto wa parishi.

Tatu, tusaidie kwa vitu vidogo vyenye maana. Nauli ya kwenda kwenye usaili yaweza kumshinda kijana, maana mara nyingine usaili huwa mbali na nyumbani. Ada ya kuhuisha leseni pia. Vikundi vyetu vya akina mama na akina baba vyaweza kukopesha kwa mambo hayo bila riba.

Nne, wazazi wasimlinganishe mtoto na wa jirani. Kila mmoja ana saa yake aliyotokewa na mwenye shamba.

Tunapoandika haya, kijana wetu bado hajaitwa. Hatutaki kuwadanganya wasomaji kwa mwisho mtamu. Lakini amerudi kanisani, hukaa upande wa kushoto karibu na mlango, kwa kuwa Jumapili nyingine huwahi zamu ya mchana. Juma lililopita tulimwuliza, "Leo unaendesha wapi, mwanangu?" Akatujibu kwa maneno mengi, mpaka tukachelewa chakula.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Katika mtaa wetu ni nani wanaongoja kazi? Twajua wanachokifanya kila siku, au twajua tu wasichokipata?

2. Je, tumewahi kumwomba mtu atusaidie kupita mlango wa pembeni? Aliyebaki nje kwa ajili yetu alikuwa nani?

3. Ni jambo gani moja ambalo kikundi chetu chaweza kulifanya kabla ya mwezi ujao kumsaidia angojaye?

Mungu awatie nguvu wote wangojao, na atupe sisi ulimi wa kuwajenga.