Kabla Hujanunua Friji Mpya: Vidokezo 10 vya Vifaa vya Jikoni Vilivyozeeka

Friji inanguruma kutwa lakini maziwa yanachacha. Blenda inavuma, nazi haisagiki. Jiko la gesi linapaka masizi sufuria zilizosuguliwa jana. Usikimbilie kuulizia bei Kariakoo. Vifaa vingi vya jikoni husimama kwa sababu ya kipuri kidogo tu, na vingine huendelea kufanya kazi huku vikikula pesa kimyakimya. Vidokezo hivi vitakusaidia kujua cha kwako kiko kundi gani.

1. Anza kwenye plagi. Kifaa kikizima ghafla, kijaribu kwenye soketi nyingine. Kikigoma, fungua plagi ya miguu mitatu uangalie fyuzi. Ikiwa imeungua, weka nyingine yenye ampea zilezile. Kuunganisha kwa waya au karatasi ya pakiti ya sigara ni kualika moto. Plagi iliyoyeyuka ibadilishwe, na soketi yake ikaguliwe, maana mara nyingi nyaya zimelegea.

2. Umeme ukirudi, friji isubiri. Umeme ukikatika na kurudi papo hapo, gesi ndani ya friji bado ina mgandamizo mkubwa, hivyo kompresa huhangaika kuanza na kupata moto. Chomoa, subiri dakika 5, ndipo uwashe. Frijigadi, kile kifaa cha kulinda friji, hufanya kazi hiyo yenyewe, na hukata umeme unapopanda au kushuka kupita kiasi. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na ya kompresa.

3. Pima mpira wa mlango kwa noti. Weka noti kwenye ukingo wa mlango wa friji, funga, kisha vuta. Ikitoka bila ubishi, baridi nayo inatoka. Rudia kuzunguka mlango mzima. Mara nyingi tatizo ni uchafu tu: sharubati iliyogandia na ukungu. Osha kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni, ukaushe. Mpira uliopinda hulainika ukikandwa kwa kitambaa cha maji ya moto. Uliochanika hauna dawa. Fundi akuwekee mwingine.

4. Iache friji ipumue. Friji haitengenezi baridi. Huchota joto la ndani na kulitoa nje, kwa nyingi za zamani kupitia ule wavu mweusi wa nyuma. Vumbi na mafuta ya kupikia vikitanda hapo, joto halitoki na kompresa haipumziki. Chomoa friji, safisha wavu kwa brashi laini angalau mara mbili kwa mwaka, na uisogeze mbali kidogo na ukuta. Usianike matambara pale nyuma. Barafu ikijaa, acha kisu kabatini: tundu moja kwenye bomba na gesi yote imekwenda. Zima, acha mlango wazi, weka bakuli la maji ya moto ndani.

5. Ukiambiwa "gesi imeisha," uliza imetokea wapi. Gesi ya friji hailiki kama ya kupikia. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na inaweza kudumu umri wote wa friji. Ikipungua, kuna mahali panavuja. Fundi anayejaza bila kutafuta tundu atarudi tena baada ya miezi michache, na utamlipa tena. Hakikisha pia anajaza aina iliyoandikwa kwenye kibandiko cha friji. R600a, iliyo kwenye friji nyingi za siku hizi, hushika moto, kwa hiyo mtu asichomelee bomba huku gesi ikiwa bado ndani.

6. Soma rangi ya moto. Moto mzuri wa jiko la gesi ni wa bluu. Ukiwa wa njano na kuacha masizi, gesi haipati hewa ya kutosha: matundu yamezibwa na uji uliofurika, au kichwa cha jiko hakijakaa sawasawa. Vichwa vikipoa, vitoe, vioshe, zibua matundu kwa sindano, kisha vikauke kabisa. Mpira wa gesi ukague kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Penye mapovu panavuja. Ukisikia harufu, funga mtungi, fungua milango na madirisha, na usiguse swichi yoyote. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutuama chini. Mpira uliopasukapasuka haufungwi kwa gundi ya karatasi, nunua mwingine.

7. Isikilize blenda. Mota ikivuma huku kisu kimesimama, tazama kile kigia cha mpira au plastiki chini ya jagi. Huwa kimelika, na ni kipuri rahisi kubadilisha. Cheche nyingi na nguvu kupungua huashiria kaboni za mota zimekwisha, nazo hubadilishwa. Blenda nyingi za nyumbani hazikuundwa kusaga mfululizo: sekunde 60, kisha zipumzike. Tangawizi na kitunguu saumu vitie maji kidogo, la sivyo mota ndiyo itakayosagika.

8. Ondoa chokaa ya maji kwenye birika la umeme. Ukiishi Dodoma, au ukitumia maji ya kisima cha chumvi, unalijua lile tabaka jeupe chini ya birika. Hulifanya lichelewe kuchemka na kuchosha hita. Tia siki na maji nusu kwa nusu, chemsha, acha nusu saa, mwaga, suuza. Kisha chemsha maji matupu uyamwage, usije ukanywa chai ya achari.

9. Maikrowevu usiifungue. Cheche ndani mara nyingi hutokana na mafuta kwenye kile kipande cha maika ukutani. Kifute, na kikiungua kibadilishwe. Lakini usifungue bodi lake. Kapasita yake inaweza kubaki na umeme wa maelfu ya volti hata baada ya kuchomoa plagi. Hiyo ni kazi ya fundi aliyesomea.

10. Acha mita ya LUKU iamue. Usiku mmoja zima kila kitu isipokuwa friji. Andika uniti zilizobaki, soma tena baada ya saa 8, kisha zidisha tofauti kwa 3. Tuseme friji yako imekula uniti 0.7: hiyo ni 2.1 kwa siku, yaani 63 kwa mwezi. Kwa mteja mdogo wa TANESCO mwenye kikomo cha uniti 75, zimebaki 12 za taa, pasi na televisheni. Friji mpya ya ukubwa wa kati yenye matumizi madogo inaweza kula kama uniti 1 kwa siku. Tofauti ya uniti 33, kwa mteja wa kawaida anayelipa kama shilingi 350 kila moja, ni shilingi 11,550 kwa mwezi, karibu 140,000 kwa mwaka.

Sasa weka hesabu hiyo kando ya bei ya fundi. Mpira, themostati au fyuzi, tengeneza bila kufikiri mara mbili. Kompresa kwenye friji ya miaka 15 inayokula umeme hivyo, achana nayo. Ukarabati unaofikia nusu ya bei ya mpya mara chache hulipa. Ukichagua mtumba, soma kibandiko kwanza: kifaa cha Japani hutumia volti 100 na cha Marekani 120, wakati soketi yako ina 230. Na friji ya zamani usikate mabomba yake mwenyewe. Muuzie fundi, mlango, rafu na themostati yake bado vina wateja.