Usimkatalie mara ya pili

Shangazi,

Mimi ni mama lishe, nina miaka 54, nimepanga Chamazi, Temeke. Zamani tulikuwa na nyumba yetu Mkwajuni, Kinondoni, kule bondeni. Mafuriko ya Desemba 2011 yalipotufika dirishani, baadhi ya majirani walipewa viwanja Mabwepande. Mume wangu naye alitaka tuhame. Mimi ndiye niliyegoma kwa sababu ya biashara yangu Kariakoo. Desemba 2015 nyumba ikawekwa alama ya X, tingatinga likapita. Tulikuwa na leseni ya makazi na risiti za kodi ya majengo.

Mume wangu akanunua kiwanja huku Chamazi, akajenga hadi kwenye lenta, kisha akafariki. Sasa mvua ikinyesha silali. Jumapili napanda daladala kwenda kusimama pale ilipokuwa nyumba. Nilipoona wenzetu waliobaki bondeni wanalipwa fidia ya mradi wa bonde la Mto Msimbazi, donda likafumuka upya. Kijana wangu anataka kupaua lile pagale, maana nondo zinashika kutu. Namkatalia. Naona nikihamia pale nitakuwa nimewasamehe walionivunjia. Nifanyeje?

Mama wa Chamazi

Mwanangu, pole kwa nyumba, na pole zaidi kwa mwenzio.

Najua wameshakuambia yaliyopita si ndwele. Kwako bado ni ndwele, ndiyo maana huupati usingizi. Ila umefunga mambo matatu katika fundo moja: mto, lawama na fidia. Tulifungue.

Mto haukuwa na shida na wewe. Msimbazi unateremka kutoka vilima vya Pugu, unakatiza mji hadi baharini kwenye Daraja la Salender, na mvua kubwa ikinyesha unadai njia yake. Mwaka ule wa 2011 watu zaidi ya 40 walipoteza maisha katika jiji hili. Hata karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa Jangwani, bondeni humohumo, na maji yakaifuata huko si mara moja. Kama wenye michoro na vipimo walidhani mto utawapisha, mama lishe alaumiwe kwa lipi? Ulibaki bondeni kwa kuwa sufuria zako za Kariakoo ndizo zilizolisha watoto. Uamuzi ule ulikuwa na sababu zake. Matokeo yake hayakuwa mikononi mwako.

Fidia ni jambo jingine, na sitakuambia ulisahau. Inauma jirani kulipwa wewe ukaambulia vumbi. Kusanya leseni, risiti na picha za nyumba kama zipo, uzipeleke Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, ambako msaada wa kisheria hutolewa bure. Uliza swali moja tu: dai langu lina njia iliyobaki? Likiwa nayo, lifuate kwa tarehe watakazokupa, siyo kila usiku kitandani. Likiwa halina, ukubali kwamba mlango huo umefungwa. Na yeyote atakayekuomba hela ya “kuingiza jina lako kwenye orodha”, mpe mgongo.

Sasa pagale. Kupaua si kusamehe, wala kuhama si kusema waliokuvunjia walikuwa sahihi. Wao hawajui kama umepaua au hujapaua. Anayejua ni kijana wako, anayehangaikia kodi ya miezi sita kwa mkupuo huku kuta za baba yake zinaota kuvu. Mtu anaweza kudai haki yake akiwa chini ya bati lake mwenyewe.

Tena nikuambie lile ambalo majirani wanaogopa kukuambia. Mumeo alipotaka mhame, ulimkatalia. Hilo limepita, na hana tena mdomo wa kukulaumu. Lakini nyumba ya Chamazi ndiyo neno lake la mwisho kwako, ameliacha kwenye lenta. Usimkatalie mara ya pili.

Bondeni sikukatazi kwenda. Nenda Jumapili moja ukaage, na kijana wako awepo, umwonyeshe alipojifunza kutembea. Lia ukitaka. Jumapili inayofuata mkae na fundi. Kabla hajapandisha mbao, mzunguke naye kiwanja, akuonyeshe maji ya mvua yanaingilia wapi na yatokee wapi, mchimbe mtaro. Mvua huwezi kuizuia. Mtaro unaweza kuuchimba, na hapo ndipo akili yako inapotakiwa kukesha.

Ukishahamia na usingizi bado ukagoma, nenda hospitali ukaeleze. Huzuni iliyokaa miaka ina wataalamu wake, na kuwaona si aibu.

Masika huanza Machi. Mwambie kijana anunue bati kabla ya hapo.