Siku Ndefu Kuliko Zote, na Mapumziko ya Watu wa Kaskazini

Kwa mtu aliyezaliwa Nanyuki au Maseno, ambako ikweta hupita, mchana na usiku hugawana saa 24 karibu sawasawa mwaka mzima. Macheo ya Januari na macheo ya Juni hayatofautiani sana. Ndiyo sababu Waswahili waliweza kuzihesabu saa kwa kuanzia mapambazuko, na hesabu hiyo haikumpoteza mtu.

Hesabu ya namna hiyo isingaliweza kuzaliwa katika nchi ya Ufini. Katika mji mkuu wake, Helsinki, jua la mwezi wa Juni huchomoza kabla ya saa kumi ya alfajiri, na halitui mpaka karibu na saa tano ya usiku. Mchana una urefu wa karibu saa 19. Lakini mwezi wa Desemba mchana wa mji huo huo haufiki saa 6. Na kaskazini kabisa mwa nchi, huko Utsjoki, jua halitui kwa muda wa zaidi ya miezi miwili, kuanzia katikati ya Mei hata mwisho wa Julai. Mchungaji aweza kuhesabu mifugo yake usiku wa manane pasipo taa.

Sababu yake ni kwamba dunia haikusimama wima katika safari yake ya kulizunguka jua, bali imeinama kiasi cha digrii 23 na nusu hivi. Mwenye kutaka kuliona jambo hili kwa macho yake na achukue chungwa, alichome kijiti toka juu hata chini, aliweke mbele ya taa usiku. Kijiti kikiinamishwa kidogo kuielekea taa, na chungwa likazungushwa, upande wa juu hukaa mwangani muda mrefu kuliko upande wa chini, na karibu na ncha ya kijiti iko sehemu isiyoingia gizani hata kidogo. Sehemu ya katikati hupata nusu kwa nusu. Upande wa juu wa dunia huinamia jua zaidi ya siku zote tarehe 20, 21 au 22 Juni, na hiyo ndiyo siku ndefu kuliko zote kwa watu wa kaskazini. Kwa watu wa kusini mwa dunia mambo ni kinyume.

Zamani, wakulima wa Ufini na Uswidi waliijua siku hiyo kwa kazi za mikono yao. Mbegu zilikwisha kupandwa mwezi wa Mei, na majani ya kukata kwa ajili ya chakula cha mifugo wakati wa theluji yalikuwa hayajakomaa. Kati ya kazi hizo mbili ulikuwapo mwanya wa siku chache, na katika mwanya huo waliweka sikukuu. Kanisa nalo huadhimisha kuzaliwa kwa Yohana Mbatizaji tarehe 24 Juni, kwa kuwa Injili ya Luka huonyesha kwamba yeye alimtangulia Yesu kwa miezi sita. Na jina la sikukuu hiyo kwa Kifini, Juhannus, limetokana na jina la Yohana.

Watu walipohamia mijini kufanya kazi katika viwanda, mwanya ule wa shambani ulipotea. Kiwanda hakina majira. Mashine huzunguka Juni kama zinavyozunguka Novemba. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba jua peke yake halimpi mtu pumziko. Nchini Uswidi sheria ya mwaka 1938 iliwapa wafanyakazi majuma mawili ya likizo yenye mshahara. Mwaka 1951 yakawa matatu, mwaka 1963 manne, na tangu mwaka 1978 ni matano. Sheria hiyo humpa mfanyakazi haki ya kupumzika majuma manne mfululizo kati ya Juni na Agosti, isipokuwa pakiwa na mapatano mengine au sababu maalumu. Sikukuu yenyewe nayo ilisogezwa: Waswidi tangu mwaka 1953, na Wafini tangu mwaka 1955, huiadhimisha Ijumaa na Jumamosi iliyo karibu na siku ndefu, ili iungane na mwisho wa juma. Maduka mengi hufungwa, na mji wa Helsinki huwa kimya hata mgeni akashangaa watu wamekwenda wapi.

Wamekwenda kwenye maziwa na misitu. Ufini ina watu wasiofika milioni 6, na nyumba ndogo za mapumziko zaidi ya 500,000. Nyingi kati ya zile za kale hazina umeme wala maji ya bomba. Mwenyewe hupasua kuni, huteka maji, huvua samaki, na jioni huwasha moto katika sauna, yaani chumba cha mbao chenye mawe yaliyopashwa moto. Maji humwagwa juu ya mawe hayo, mvuke ukapanda, na watu wakakaa humo wakitokwa jasho, wakijipigapiga kwa vitawi vibichi vyenye majani. Kisha hujitosa ziwani. Mtu wa Kakamega au Machakos aweza kucheka akisikia kwamba mwenzake huacha bomba la mjini akaenda kuteka maji kwa ndoo na kuuita huo mapumziko. Lakini kazi hiyo hakuna msimamizi aliyemwamuru, wala kengele inayoikatiza, na ikiisha huonekana kwamba imekwisha. Katikati yake akili hupata nafasi ya kutembea.

Hapo ndipo yanapokuja mawazo. Watu huketi kando ya ziwa, mbele ya moto mkubwa uwashwao usiku wa sikukuu, na kuzungumza si desturi ya lazima. Nusu ya mwaka imepita. Mtu huweza kupima deni alilolipa na asilolipa, mtoto aliyemsahau kwa ajili ya kazi, ndugu ambaye hawajasemezana tangu majira ya theluji. Iko pia desturi ya kale, Uswidi na Ufini, ya msichana kuchuma maua ya aina saba pasipo kusema neno lo lote, na kuyalaza chini ya mto ili amwote mume wake wa baadaye. Kama huyo mume huja au haji, hilo ni shauri la ndoto. Lakini kutembea katika mashamba saa ya usiku kwa ukimya, mtu akiwa na mawazo yake tu, ni jambo ambalo vijana wa leo hawalipati kwa urahisi.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba wote hupumzika. Wapo wanaoigeuza sikukuu hii kuwa karamu ya ulevi, na karibu kila mwaka wapo Wafini wanaozama majini siku hizo, wengine wakiwa wamepanda mashua hali wamelewa. Na mwanga wenyewe una hila. Mwili wa binadamu hutambua wakati wa kulala kwa giza. Usiku usipoingia, usingizi nao huchelewa, na mtu huendelea kufanya hili na lile hata ikawa saa nane bila kujua. Kwa hiyo watu wengi wa kaskazini hutundika mapazia mazito madirishani, wakajitengenezea usiku ambao nchi yao imewanyima.

Kenya haina siku ndefu ya kumwambia mfanyakazi kwamba sasa ni wakati wa kupumzika. Inayo sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi likizo, au livu kama wengi waiitavyo, ya siku za kazi zisizopungua 21 zenye mshahara, baada ya kila miezi 12 ya kazi. Mwajiri na mfanyakazi wakikubaliana kuigawa, sehemu moja yapasa kuwa majuma mawili ya kazi yasiyokatizwa, isipokuwa pakiwa na mapatano mengine. Wengi huyatumia majuma hayo kwenda nyumbani kujenga, kuhudhuria harusi na mazishi, na kuamua kesi za mipaka ya shamba. Wakarudi Nairobi au Mombasa wamechoka kuliko walivyoondoka. Mambo hayo ni wajibu, na mtu mwenye jamaa hawezi kuyakimbia. Lakini mengine, kama kujenga na kesi za mipaka, huweza kupangwa mapema. Mwenye kuandika barua kwa wazee kabla ya kufunga safari, akawaarifu siku atakazofanya shughuli za nyumba na zile tatu au nne atakazokaa na mkewe na watoto pasipo baraza wala safari, huwapa nafasi ya kukubali au kukataa mapema. Kwa kawaida wazee hukubali, maana wao wenyewe walipokuwa vijana walizijua siku za kungoja mahindi yakomae.