Mganga Aliyeshuka Shimoni

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani, somo letu la leo ni juu ya mtu aliyekufa zamani sana, mwaka wa 1555, katika nchi ya Ujerumani. Aliitwa Georg Bauer. Bauer maana yake ni mkulima, na kwa kuwa wasomi wa wakati ule waliandika kwa Kilatini, aligeuza jina lake akaitwa Georgius Agricola, yaani mkulima vilevile. Lakini kazi yake haikuwa kulima. Alikuwa mganga na mchunguzi wa mawe, na mambo aliyoyaandika yanatugusa sisi watu wa Likasi karibu sana.

Alizaliwa mwaka wa 1494. Alisoma Leipzig, kisha akaenda Italia kusomea uganga. Mwaka wa 1527 alipata kazi ya mganga wa mji katika Joachimsthal, mji wa migodi ulioko leo katika Jamhuri ya Cheki. Fedha ilikuwa imevumbuliwa pale mwaka wa 1516, na watu walikimbilia huko kwa maelfu, kama walivyokuja kwetu kwa ajili ya shaba.

Waganga wengi wa siku zile walitibu kwa kufuata vitabu vya kale tu. Agricola alivisoma pia, lakini kila alipopata nafasi alikwenda migodini na kwenye tanuru za kuyeyushia, akawauliza wenye kazi wenyewe: majina ya mawe, namna ya kutoa maji, namna ya kuingiza hewa chini. Kitabu chake cha kwanza juu ya migodi kilitoka mwaka wa 1530, nacho ni mazungumzo ya watu watatu. Waganga wawili wanauliza, na mtu wa migodi anawajibu. Mimi ninayefanya kazi ya dispanseri napenda sana mpango huo. Mwenye kujua vumbi ni yule anayelipumua.

Baadaye alihamia Chemnitz, akawa hata meya wa mji. Kitabu chake kikubwa, De re metallica, kilichapwa Basel mwaka wa 1556, miezi michache baada ya kufa kwake, chenye picha nyingi za mashimo, magurudumu na vipepeo vikubwa vya kupeleka hewa. Humo kuna kurasa chache juu ya magonjwa ya wachimbaji. Tuzitazame.

Anasema hivi: maji baridi ya shimoni huumiza miguu, lakini mgodi mkavu una hatari zaidi. Mwamba mkavu ukichimbwa hutoa vumbi, vumbi huingia kooni hadi mapafuni, na mtu huanza kupumua kwa shida. Kama vumbi lenyewe ni kali, mapafu huliwa na mwili hukonda. Anaongeza kwamba katika migodi ya milima ya Karpati walikuwapo wanawake walioolewa na wanaume saba, na wote saba walikufa kwa ugonjwa huo.

Mama, fikiri juu ya maneno hayo. Wanaume saba, mke mmoja, na sababu ni vumbi.

Leo tunajua zaidi. Ndani ya mwamba mara nyingi kuna silika. Chembe zake zinazodhuru sana ni ndogo mno, jicho haliwezi kuziona. Zile unazoziona zikiruka kwenye mwanga wa taa ni kubwa, na nyingi hunaswa puani na kooni. Chembe ndogo hufika ndani kabisa, mapafu hufanya makovu, na kovu haliondoki. Huo ndio ugonjwa wa silikosi. Hauna dawa ya kuuponya. Unaweza kuonekana baada ya miaka kumi au zaidi, hata kama mtu amekwisha kuacha kazi, na mwenye silikosi hupatwa upesi na kifua kikuu.

Agricola aliwashauri wachimbaji wavae viatu virefu vya ngozi, glavu zinazofika kiwikoni, na shela usoni. Ushauri mzuri kwa wakati wake. Lakini usidanganyike: kitambaa kilichofungwa puani hakizuii zile chembe ndogo. Inatakiwa maske ya vumbi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, nayo ikae sawasawa usoni. Na kabla ya maske, maji. Toboa mwamba kwa maji, lowesha mawe kabla ya kuyapakia. Kapita anayeruhusu kutoboa kukavu ili kazi iende mbio anawapunguzia watu wake miaka.

Kuna jambo lingine. Wachimbaji wa huko walipata mawe yaliyofanana na ya fedha, lakini yakiyeyushwa hayakutoa fedha, yalitoa moshi wenye sumu. Walisema ni hila ya pepo wa shimoni aliyeitwa kobold. Kutoka jina hilo ndipo lilipotoka jina la kobalti yetu. Agricola mwenyewe aliamini kwamba pepo wa namna hiyo wako, wala hatumcheki. Lakini aliandika pia kwamba mawe hayo hula miguu na mikono iliyolowa na kuharibu mapafu na macho. Mawe ya kule yalikuwa na arseniki nyingi, kwa hiyo si sawa kabisa na yetu. Lakini vumbi la kobalti peke yake laweza kuleta pumu na vipele vya ngozi.

Tena, katika mashimo ya Joachimsthal mlikuwa na uraniumu, bila mtu kuijua. Mwaka wa 1879 waganga wawili walichunguza wachimbaji wa Schneeberg, si mbali na hapo, wakaona kwamba ugonjwa uliowaua wengi ulikuwa kansa ya mapafu. Sababu ilijulikana baadaye: gesi ya radoni inayotoka katika uraniumu, isiyo na rangi wala harufu. Na sisi tuna Shinkolobwe, karibu na mji wetu, ambako uraniumu ilivumbuliwa mwaka wa 1915. Serikali ilifunga mahali pale mwaka wa 2004, na mwaka uleule shimo liliporomoka likaua wachimbaji. Maske ya vumbi haizuii radoni. Ni hewa nyingi inayopita tu ndiyo huipunguza. Kwa hiyo usiingie katika mashimo ya zamani, na mtoto asitumwe kuokota mawe huko.

Nyumbani: nguo za kazi zisikung'utwe ndani wala karibu na mtoto. Zilowekwe kwanza, zifuliwe peke yake.

Ukikohoa kwa wiki mbili au zaidi, au ukihema kwa kupanda ngazi ulizozizoea, njoo dispanseri. Usingoje kuulizwa. Tuambie ulifanya kazi gani, wapi na miaka mingapi, hata ile ya zamani, hata ile ya kuchimba kwa mkono ambayo hukuandikwa popote. Bila hayo, mwenye kutazama radiografi anaweza kuita makovu ya vumbi kifua kikuu, nawe utameza dawa miezi sita bila kupona.